Kizimba na Kimelea: Historia ya Wazo Moja Kuhusu Chanzo cha Uhai, Pamoja na Maneno Yake

Mwanaistilahi anapotakiwa kutafuta neno la dhana ya kisayansi, mara nyingi huletewa dhana hiyo ikiwa imekwisha kukatwa kutoka katika historia yake. Huletewa orodha, na mbele ya kila kipengele pana nafasi tupu ya kujazwa. Utaratibu huo hauepukiki, maana kazi ni nyingi na watenda kazi ni wachache. Hata hivyo una hatari yake, kwani ziko dhana ambazo hazieleweki ila kwa kuifuata njia zilizopitia. Katika makala haya tunakusudia kuifuata njia ya dhana moja ya namna hiyo, nayo ni ile isemayo kwamba molekuli za kwanza zilizoweza kuongezeka kwa kunakiliwa zisingedumu mbele ya vimelea vyao wenyewe lau zisingetengwa katika sehemu ndogo ndogo. Maneno yanayoibeba dhana hii, kama vile kunakili, kimelea, chumba na seli, yote tunayo. Ndiyo sababu twapaswa kuwa waangalifu zaidi, maana neno lililokwisha kuzoeleka huingia katika sentensi pamoja na mizigo yake, wala haliulizwi lilikotoka.

Swali la chanzo cha uhai ni la kale, lakini lilivikwa vazi la kikemia katika miaka ya 1920. Mwaka 1924 Aleksandr Oparin alichapisha kijitabu chake huko Moscow, na mwaka 1929 J.B.S. Haldane akaandika makala yake huko Uingereza. Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, walidai kwamba uhai ulitokana na maada isiyo hai katika maji ya dunia changa. Katika maandishi yake ya baadaye Oparin aliyapa uzito mkubwa matone yanayojitenga yenyewe ndani ya maji, yaitwayo koasavati. Kwake yeye tone lilitangulia, na yaliyomo yakafuata. Baada ya muundo wa DNA kujulikana mwaka 1953, mizani ilielemea upande wa pili. Wataalamu wengi wakashughulikia habari za maandishi yanayonakiliwa, na tone likawekwa kando. Historia tunayoisimulia ni ya jinsi tone hilo lilivyorudi, nalo lilirudi kwa sababu iliyo mbali na zile zilizomshughulisha Oparin.

Habari yenyewe yaanzia katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambako Sol Spiegelman na wenzake walikuwa wakichunguza kirusi kiitwacho Qβ. Kirusi hiki hushambulia bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli. Urithi wake wote umeandikwa katika uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 4,200, na kwa herufi tunakusudia zile nyukleotidi za aina nne ambazo uzi hufumwa kwazo. Kipo kimeng'enya maalumu kinachounakili uzi huo. Mwaka 1965 Spiegelman na wenzake walionyesha kwamba kimeng'enya hicho kikisafishwa na kutiwa katika mrija pamoja na herufi huru, hutoa nakala zenye uwezo wa kuambukiza bakteria kama uzi wa awali. Basi mwaka 1967 Mills, Peterson na Spiegelman wakauliza: ikiwa molekuli hizi hazidaiwi kitu chochote ila kuongezeka, mwisho wake utakuwa nini?

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Walitia RNA ya kirusi katika mrija wenye kimeng'enya na herufi. Baada ya dakika 20 walichota kiasi kidogo, wakakitia katika mrija mwingine wenye kimeng'enya na herufi mpya, bila ya kuongeza RNA nyingine. Kisha wakachota tena, na tena. Kadiri walivyoendelea walizidi kuupunguza muda, ili zile zinazonakiliwa upesi zipate nafasi kubwa zaidi. Walipofika mrija wa 74, asilimia 83 ya urithi wa awali ilikuwa imekwisha kutupwa. Uzi uliosalia ulinakiliwa kwa kasi iliyoupita mbali ule wa kwanza, lakini haukuwa na uwezo wa kuambukiza chochote. Zaidi ya hayo, ulikuwa umepoteza maagizo ya kuunda kile kimeng'enya ambacho kilikuwa kikiunakili. Haukuyahitaji, kwa sababu kimeng'enya kililetwa na watafiti kila mara, bila ya malipo.

Msomaji na alifikirie duka la kunakilia karatasi. Mashine ni ya mwenye duka, nayo hainakili kwa kuangalia thamani ya maandishi. Anayeleta kitabu cha kurasa 300 na anayeleta karatasi moja isiyo na maana wote huhudumiwa. Ikiwa sheria ya duka ni kwamba kila nakala iliyotoka yaweza kurudishwa mashineni kunakiliwa tena, basi kabla ya jua kutua duka zima litajaa ile karatasi moja, na kitabu hakitaonekana. Wala hapana aliyekusudia ubaya. Ufupi wa karatasi ndio sababu pekee.

Urahisi wa jambo hili ulithibitishwa tena kwa njia isiyotazamiwa. Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba kimeng'enya cha Qβ huweza kuzua RNA fupi hata pale ambapo hakikupewa uzi wa kunakili. Mwaka 1991 Aleksandr Chetverin na wenzake, huko Pushchino karibu na Moscow, walionyesha kwamba nyuzi hizo fupi zilikuwamo katika hewa ya maabara. Zilitua juu ya utelezi wenye kimeng'enya, na kila moja ikazaa koloni lake. Mdoezi hakuhitaji hata kualikwa.

Mwaka huo wa 1967 una maana nyingine kwetu, na yafaa tuutaje kwa sababu unahusu maneno. Ndio mwaka wa Azimio la Arusha, ambalo liliwafanya watu wa Tanzania wote, wa mjini na wa shamba, kuyazoea maneno unyonyaji na mnyonyaji. Na ndio mwaka ilipotungwa sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mtu ambaye angeandika habari za mrija wa 74 kwa Kiswahili wakati huo angeweza kwa urahisi kuiita molekuli ile fupi mnyonyaji, au kupe, na kila mtu angedhani ameelewa. Tutaona hivi punde kwa nini neno hilo lisingefaa.

Kabla ya hapo, lakini, liko suala la kitenzi chenyewe. Spiegelman na wenzake waliiita RNA yao kitu kinachojiongeza chenyewe, na vitabu vingi vimeendelea kusema hivyo. Sarufi ya Kiswahili inatuonyesha wazi mahali ambapo usemi huo unalegea. Tunavyo kunakili, kunakiliwa, kujinakili na kunakiliana, na kila kauli inamtaka msemaji ataje ni nani mtenda na ni nani mtendwa. Molekuli ya mrija wa 74 haikujinakili; ilinakiliwa. Kilichonakili ni kimeng'enya, na kimeng'enya chenyewe kilitoka katika seli za bakteria walioambukizwa. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kimeng'enya hicho kimeundwa kwa protini nne, na kwamba moja tu katika hizo ndiyo yenye maagizo yake katika urithi wa kirusi. Tatu nyingine ni protini za bakteria, zilizotwaliwa kutoka katika kazi zake za kawaida. Basi kirusi nacho ni mdoezi kwa bakteria, na molekuli fupi ya Spiegelman ni mdoezi wa mdoezi.

Jambo hili si la kuchezea maneno. Kimelea cha molekuli chaweza kuwapo kwa sababu tu kuna nafasi kati ya kunakili na kunakiliwa. Kama ingekuwapo molekuli iliyoweza kujinakili kwa maana kamili ya kiambishi hicho, yaani isiyohitaji mwingine na isiyoweza kumsaidia mwingine, basi kimelea kisingepata mlango. Mara tu kazi ya kunakili inapofanywa na kitu kimoja kwa faida ya vitu vingi, mlango unafunguka. Kwa hiyo tunapendelea molekuli yoyote ile yenye kuongezeka kwa kunakiliwa iitwe kirudufu, bila ya kiambishi ji, na kwamba kijirudufu lihifadhiwe kwa ile tu inayobeba maagizo ya mtambo wake yenyewe. Tumechukua rudufu badala ya nakili katika nomino kwa sababu jina litokanalo na nakili lingempeleka msomaji kwenye mashine ya ofisini, ambayo ndiyo mnakili, wakati sisi tunataka jina la kinachonakiliwa.

Hatua iliyofuata ilipigwa huko Göttingen na Manfred Eigen wa Taasisi ya Max Planck, mkemia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa uchunguzi wa michakato ya kikemia itendekayo kwa kasi kubwa mno. Katika makala yake ndefu ya mwaka 1971 Eigen alionyesha kwamba kila unakili wenye makosa una urefu wa maandishi usioweza kupitwa. Mnakili akikosea herufi moja katika kila 100, basi maandishi yanayopita sana herufi 100 hayawezi kudumishwa, maana makosa hurundikana upesi kuliko uteuzi unavyoweza kuyaondoa. Mnakili wa kwanza duniani hakuwa na kimeng'enya cha kumsaidia, kwa hiyo bila shaka alikosea mno, na maandishi yake hayakuwa na budi kuwa mafupi. Lakini maagizo ya kuunda kimeng'enya kinachopunguza makosa ni marefu. Hivyo pasipo kimeng'enya hapana maandishi marefu, na pasipo maandishi marefu hapana kimeng'enya.

Ili kutoka katika shida hiyo Eigen, baadaye pamoja na Peter Schuster katika makala za miaka ya 1977 na 1978, alipendekeza kwamba maandishi yagawanywe. Badala ya uzi mmoja mrefu, pawepo nyuzi fupi kadhaa, na kila mmoja umsaidie jirani yake kunakiliwa: wa kwanza umsaidie wa pili, wa pili umsaidie wa tatu, na wa mwisho urudi kumsaidia wa kwanza. Mpango huu twaweza kuuita mzunguko wa kunakilishana. Kauli ya kutendesha pamoja na ya kutendana zinasema kwa neno moja jambo ambalo katika lugha nyingine huhitaji maelezo. Ni mpango wa kuvutia, na kwa miaka michache ulionekana kuwa umelimaliza tatizo.

Aliyeutia ufa ni John Maynard Smith wa Chuo Kikuu cha Sussex, katika makala fupi ya mwaka 1979 ambayo kwa maoni yetu ndiyo kitovu cha historia hii yote. Maynard Smith alitaka tuangalie mabadiliko ya aina mbili. Tuseme uzi wa pili umebadilika, na badiliko hilo linaufanya upokee msaada wa wa kwanza kwa wepesi zaidi. Uzi huo utaongezeka, kwani faida ni yake. Sasa tuseme umebadilika kwa namna nyingine, ukawa unamsaidia wa tatu vizuri zaidi. Hautaongezeka hata kidogo, kwa sababu faida ya msaada huo hutawanyika katika mchuzi wote na kuwafikia hata wale wasiobadilika. Uteuzi humpa thawabu anayejua kupokea, wala haumjui anayetoa. Basi atatokea tu, mapema au baadaye, uzi unaopokea na usiotoa, na huo ndio utakaoumaliza mzunguko. Maynard Smith akaongeza kwamba mambo hubadilika iwapo washiriki wa mzunguko wamefungiwa pamoja, kila kundi katika sehemu yake. Hapo atoaye msaada huwasaidia walio naye, kundi lake hustawi, na kundi lenye mpokeaji tupu hufa pamoja naye.

Hapa ndipo neno kimelea linapohitaji kuangaliwa. Neno hili, lililotoka katika kitenzi mea, linatuchorea mmea uliootea juu ya mwingine: kitu kilichotoka nje, cha ukoo tofauti, kilichokuja kukaa juu ya mwenye mali. Kwa minyoo na kwa vijidudu vya malaria picha hiyo ni sawa. Kwa molekuli si sawa, kwa kuwa kimelea cha molekuli ni mtoto wa nyumba ile ile. Ni nakala ya mwenyeji wake, iliyokatika au iliyokosewa. Mnyonyaji na kupe yana kasoro kubwa zaidi, maana yote mawili yanadai kwamba kitu fulani kinafyonzwa kutoka katika mwili wa mwingine, ilhali molekuli fupi haimgusi mwenyeji. Inachofanya ni kufika mezani chakula kinapopakuliwa. Tabia hii Kiswahili kinayo jina lake, nayo ni kudoea. Na mdoezi ndiye anayejua saa za mlo za kila nyumba mtaani. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mdoezi wetu ni yule ambaye hakuna wa kumpa jembe.

Je, tupendekeze kudoea liwe istilahi? Tumelifikiria, na hatushauri. Kimelea limekwisha kuenea katika vitabu vya shule, nalo lina faida ya kutuunganisha na elimu yote ya magonjwa, ambako kanuni nyingi ni zile zile. Lakini katika ufafanuzi wa kamusi ya fani hii, kudoea kutajwe, tena mwanzoni, ili mwanafunzi asidhani kwamba kimelea cha molekuli kilitoka mahali pengine. Akidhani hivyo, ataona kwamba dawa ni kufunga mlango; wakati ukweli ni kwamba mgonjwa na ugonjwa wamo ndani ya nyumba moja, na ukuta pekee hauwatenganishi.

Basi ukuta husaidiaje? Swali hili lilishughulikiwa kwa hesabu katika miaka ya 1980. Mwaka 1980 Bresch, Niesert na Harnasch waliandika makala ambayo hata kichwa chake kiliweka pamoja mizunguko, vimelea na vifurushi. Mwaka 1987 Eörs Szathmáry na László Demeter, wa Hungaria, wakatoa maelezo ambayo mpaka leo ndiyo yanayorejewa zaidi. Kiini chake ni bahati nasibu, na chaweza kuonyeshwa kwa kunde.

Chukua mabakuli 100 na gunia la kunde nzima. Changanya humo kunde mbovu 100, kisha zitawanye zote katika mabakuli bila ya kuchagua. Kwa wastani kila bakuli litapata mbovu moja, lakini wastani haulifungi bakuli lolote: mengine yatapata mbili au tatu, na mabakuli yapatayo 37 hayatapata hata moja. Katika mabakuli hayo 37 kunde nzima zitastawi pasipo bughudha. Katika yaliyobaki, mbovu zitakula chakula chote na bakuli litasimama hapo. Sasa rudia hesabu kwa kunde mbovu 500. Mabakuli yaliyo safi hayatafika hata moja katika 100. Kwa hiyo ukuta hautoshi. Lazima pia idadi ya walioingia katika kila sehemu iwe ndogo, ili bahati ipate nafasi ya kuwagawa kwa kutosawa. Ikiwa ndogo mno, hata hivyo, huzuka hasara nyingine, kwani sehemu yaweza kukosa aina fulani iliyo ya lazima. Szathmáry na Demeter walionyesha kwamba kati ya hatari hizo mbili ipo njia: sehemu zinapokua na kugawanyika, bahati huzaa tena mara kwa mara sehemu zenye mchanganyiko mzuri, na hizo zikikua upesi kuliko nyingine, kundi lote hudumu ingawa ndani ya kila sehemu kimelea ndicho kinachoshinda.

Inafaa tukumbushe hapa kwamba neno uteuzi, ambalo tumelitumia kama linavyotumika katika vitabu vya baiolojia, linamtaka mteuzi. Katika mabakuli haya hapana mteuzi. Mchujo lingekuwa neno la haki zaidi, kwani chujio halina nia. Lakini uteuzi asilia limekwisha kukaa, na kuling'oa kungeleta vurugu kuliko faida.

Sasa tuje kwenye jina la hiyo sehemu yenyewe. Wapo watakaotaka kuiita seli, na wengine chumba. Chumba ni neno jema, ila humfikirisha msomaji nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye kuta za kudumu na mlango mmoja. Behewa, ambalo zamani lilitajwa kwa ua wa ndani wa nyumba kubwa kabla halijahamia kwenye garimoshi, sasa limekuwa mali ya reli kabisa. Kitengo ni la utawala. Kifuko ni zuri, lakini linataja umbo la namna moja, yaani lile lenye utando pande zote, nalo latakiwa mahali pengine: mwaka 1985 David Deamer alionyesha kwamba mafuta yaliyotolewa katika kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 hujikunja yenyewe majini na kufanya vifuko, na mwaka 2003 Hanczyc, Fujikawa na Szostak walionyesha kwamba udongo wa mfinyanzi wa aina ya montimoriloniti huharakisha kufanyika kwa vifuko vya asidi za mafuta, tena huweza kuingia navyo ndani ukiwa umebeba RNA. Vifuko hivyo visiporwe jina lao.

Neno seli ndilo tunalolipinga kwa nguvu zaidi. Tukisema kwamba molekuli za kwanza ziliokolewa na seli, tunakuwa tumeanza na kile ambacho historia hii inataka kukifafanua. Seli hukua, hujigawa, hurithisha, na ukuta wake hutengenezwa na yaliyomo ndani yake. Hoja ya Maynard Smith haidai hata moja kati ya hayo. Inadai kutengwa tu. Tena mwaka 1991 Boerlijst na Hogeweg, wa Chuo Kikuu cha Utrecht, walionyesha kwa kompyuta kwamba hata ukuta si wa lazima. Molekuli zikiwa zimetandaa juu ya uso bapa, na kila moja ikawasaidia majirani zake tu, mizunguko hujipanga katika mawimbi yanayojipinda kama konokono, na mawimbi hayo huweza kustahimili vimelea ambavyo vingeyamaliza katika mchuzi uliokorogwa. Umbali peke yake uliwatenga.

Tunapendekeza kizimba. Kizimba cha kuku kila mtu anakijua. Kuku hufungiwa jioni, wachache kwa wachache, na asubuhi hufunguliwa wakachangamana uani. Jioni hurudi, na si lazima kila mmoja arudi alikolala jana. Cha mahakamani nacho humpokea mtu kwa muda, kisha akatoka. Neno hili halidai kwamba kizimba kinakua au kinazaa, wala halisemi kuta zake ni za nini. Linataja kutengwa, na linakubali kwamba kutengwa huko kwaweza kuwa kwa muda. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyokuja kuwa na uzito mkubwa, kama majaribio yalivyoonyesha.

Mwaka 1998 Dan Tawfik na Andrew Griffiths, huko Cambridge, walionyesha kwamba matone madogo sana ya maji yaliyosambazwa ndani ya mafuta yaweza kutumiwa kama vizimba, kila tone likiwa na uzi wake na mtambo wake. Miaka 18 baadaye Griffiths, sasa akiwa Paris, pamoja na Shigeyoshi Matsumura, Szathmáry na wengine, walilichukua swali la Spiegelman na kulijaribu upya. Walitumia kimeng'enya kile kile cha Qβ na RNA yenye uwezo wa kutenda kazi kama kimeng'enya. Kuwapo kwa RNA za namna hiyo kulianza kujulikana mwaka 1982 kwa utafiti wa Thomas Cech, na katika miaka iliyofuata kwa ule wa Sidney Altman. Katika mchuzi mmoja usiotengwa, vimelea vifupi vilitokea na RNA yenye kazi ikapotea, kama ilivyotarajiwa. Walipogawa mchuzi katika matone, wakachagua yale ambayo kazi ilikuwa inatendeka ndani yake, wakayapasua yote na kuyachanganya, kisha wakagawa tena, RNA yenye kazi ilidumu. Hayakuwa matone yanayokua wala kujigawa. Yalifungwa na kufunguliwa, kufungwa na kufunguliwa. Makala yao ya mwaka 2016 inadai kwamba vizimba vya muda, kama vile vishimo vya mwamba au matone yanayokauka na kulowana, vingeweza kuwalinda warudufu wa kwanza zamani sana kabla ya seli yoyote kuwapo. Nasi tunaona dai hilo lina haki yake.

Mwaka huo huo Bansho, Ichihashi, Yomo na wenzao huko Japani walitangaza matokeo ya jaribio lililoikaribia zaidi maana ya kijirudufu. RNA yao ilibeba maagizo ya ile protini moja ya kirusi iliyomo katika kimeng'enya cha Qβ, na ndani ya matone mlikuwamo mtambo uliosafishwa wa kuyasoma maagizo hayo. Hivyo RNA ilimwajiri mnakili wake yenyewe, ingawa ofisi nzima bado ililetwa na watafiti. Vimelea vilizuka bila ya kupandwa. Idadi ya mwenyeji ilipanda, kisha ya kimelea ikapanda na ile ya mwenyeji ikaanguka, kisha kimelea kikakosa cha kudoea kikapungua, na mwenyeji akainuka tena, kama inavyosimuliwa habari ya sungura na mbweha. Baada ya muda wakatokea wenyeji ambao vimelea vya awali havikuwaweza kwa urahisi.

Timu ya Ichihashi iliendelea. Kila raundi ilikuwa ya saa 5, na baada ya kila raundi matone yalichanganywa na matone mapya yenye chakula, yakatikiswa yaungane na kugawanyika. Mwaka 2020 walitangaza matokeo ya raundi 120, ambamo wenyeji na vimelea walikuwa wametawanyika katika koo mbalimbali, kila upande ukibadilika kwa sababu ya mwenzake. Mwaka 2022 Mizuuchi, Furubayashi na Ichihashi wakatangaza ya raundi 240. Walianza na RNA ya aina moja tu. Mwishoni zilikuwapo koo tano, tatu za wenyeji na mbili za vimelea, na yale mapandio na maanguko makubwa ya mwanzo yalikuwa yametulia. Ukoo mmoja wa wenyeji ulikuwa ukisaidia kunakiliwa kwa wengine wote.

Kwa kundi hili la koo tano bado hatuna jina. Mzunguko halifai, kwani msaada haurudi kwa duara. Jamii linasema zaidi ya tunachokijua. Wenyewe watafiti hutumia neno la mtandao, nasi kwa sasa tungeandika mtandao wa warudufu, tukiacha wazi kama kimelea kilichokaa raundi 240 katika vizimba vile vile pamoja na mwenyeji wake kinastahili bado kuitwa kwa jina lile tulilokipa kilipokuwa katika mrija wa Spiegelman.